Kitufe cha Baadaye

Nasra mwanangu,

Salamu tumeshapeana asubuhi. Umeniamkia, nimekuitikia, na hali yangu unaijua kwa sababu tangu juzi umekuwa ukiniuliza kila nikipita mbele yako. Kwa hiyo hayo nayaruka. Nakuandikia kwa kalamu, kwenye karatasi za ile rimu iliyolowana pembeni, maana kompyuta ya dukani leo ina kazi nyingine nitakayokuambia mwishoni. Wewe umekwenda Kunduchi kumuaga shangazi yako. Mie nimeswali alasiri, nimefunga mlango wa duka, watu wamegonga nikanyamaza kama sipo. Mungu akipenda nitamaliza kabla hujarudi, barua niiweke juu ya begi lako. Au ndani ya begi, kama litakuwa bado liko wazi.

Maana nimekuona. Asubuhi nilipita chumbani kwako nikakuta nguo zimerudi kabatini. Nikakuuliza, "Unafanya nini?" Ukasema, "Napanga upya tu, mama." Halafu kwenye chai ukaanza kukizungusha kile kikombe bila kunywa, nikajua kuna neno linakuja. Ukasema, "Nilikuwa nafikiria. Labda niwaandikie Dodoma wanisubiri mpaka mwezi ujao. Kwanza niiweke hii mashine iwe inajizima na kujiwasha yenyewe, ndiyo niondoke na amani."

Nilinyamaza. Ulidhani nimekubali. Sikukubali, nilikuwa nazuia mdomo, kwa sababu ningesema pale pale ningesema vibaya, na sipendi uondoke na maneno mabaya tumboni. Sasa nimekaa, nimetulia kidogo, nasema.

Umenichosha, Nasra.

Hii ni mara ya pili wanakuita. Mara ya kwanza uliahirisha kwa sababu ya mashine. Wakakuvumilia, kitu ambacho ofisi za siku hizi hazifanyi, wakakuita tena. Safari hii wamesema wazi kwamba Jumatatu usipoonekana nafasi atapewa mwingine. Na wewe unaniletea tena habari ya mashine. Kompyuta ya kutolea kopi, Mbagala, katikati ya kinyozi na muuza mkaa, ndiyo inakuzuia usiende kulinda kompyuta za hospitali nzima.

Habari za kula, kuvaa sweta kwa baridi ya kule, kuchagua watu wa kukaa nao, sikuandikii. Nilishakuambia tangu ulipokuwa mdogo, na kama hukusikia wakati ule, karatasi haitakusaidia. Nataka nikuambie habari za mashine hiyo hiyo. Unazijua, lakini unazijua kwa upande wa kompyuta. Upande wangu sijawahi kukueleza vizuri.

Unakumbuka tulivyoanza. Kompyuta ya kwanza ilikuwa inakufa kila mwezi kwa virusi vya flashi za wateja. Mtu anakuja kuchapa barua ya kuomba kazi, anachomeka flashi iliyopita kila duka la Temeke, basi kazi za watu zote zinageuka takataka. Wewe ukiwa chuo mwaka wa pili ukaja likizo, ukafuta kila kitu, ukaweka huo mfumo wako wa bure, wa yule ndege pengwini. Nikagomba wiki nzima kwa sababu vitufe vilihama mahali pake. Baba yako akacheka, akasema mwache mtoto, amesomea.

Ukagawa mashine. Upande wangu ukauwekea neno la siri. Upande wa mteja ukauacha wazi, mtu akae, aombe kazi zake mtandaoni, achape, asiweze kuona vitu vyangu. Nikakuuliza, "Na akitaka kuona?" Ukasema, "Hawezi, mama. Kuna kiini." Ukanieleza kwamba ndani kabisa ya mfumo kuna kitu kinaitwa kiini, ndicho kinachogawa kazi, nani aguse diski, nani aguse printa, nani asiguse mafaili ya nani. Ukasema kiini kikiwa na tundu, milango mingine yote ni mapambo. Ndiyo maana kinaletewa apdeti, watu huko duniani wakigundua tundu wanaliziba, wanatutumia kiraka bure.

Nikaelewa. Usiseme sikuelewa. Apdeti zikija nilikuwa nazikubali zote, hata bando likiwa dogo. Niliona fahari. Wenye maduka wenzangu walikuwa wanazizuia wakisema zinakula bando, mie nikisema hapana, mwanangu kasema ziingie.

Sasa nikurudishe kwenye umeme. Miaka ile umeme ulikuwa unakatika hovyo, wakati mwingine mara mbili kwa siku. Mie nilikuwa nawalaani watu wa umeme, Mungu anisamehe, nikiwa na cheti cha mtu kimetoka nusu kwenye printa. Baba yako akirudi kutoka bandarini akinikuta nimekaa gizani na kopi zangu mkononi, anasema, "Mama Nasra, wamekuletea likizo tena."

"Likizo gani? Nina kazi ya watu."

"Kazi ya watu inakusubiri. Njoo ukae."

Tunakaa barazani. Yeye anavua viatu, ananisimulia ya bandarini, nani kagombana na nani, meli gani imechelewa. Wakati mwingine hasimulii kitu. Huyo baba yako alikuwa na uwezo wa kukaa na mtu bila kusema, na usione umetengwa. Tukisikia adhana tunaingia ndani kuswali, kwa sababu hakuna kingine cha kufanya. Wewe ulicheka siku moja ukasema mama anaswali kwa ratiba ya umeme. Nilikasirika. Ilikuwa kweli.

Halafu akafariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, na umeme ukaendelea kukatika kama kawaida.

Watu wote niliwaambia betri nimenunua kwa ajili ya wateja. Wewe pia nilikuambia hivyo. Yule fundi wa sola alipokuja kufunga inveta na ile betri kubwa chini ya meza, nilimwambia, "Nataka mashine isizimike hata sekunde, wateja wanahangaika." Fundi akasema, "Mama, hii hata mtaa mzima ukilala giza wewe unapiga kazi." Nikasema ndicho ninachotaka. Na kweli wateja walifurahi. Lakini jambo lenyewe lilikuwa baraza, mwanangu. Umeme ukikatika nilikuwa nakaa pale peke yangu, na kile kiti kingine kipo. Nilikuwa siwezi. Niliona heri nitoe kopi.

Basi mashine ikawa haizimwi, na mimi sizimiki. Mtaani nikawa maarufu. Umeme ukienda, watu wanatoka hadi Rangi Tatu wanakuja kwangu. "Twendeni kwa Mama Nasra, kwake hakuna giza." Nilikuwa nacheka huku nimevimba kichwa. Adhuhuri nikawa naiswali nyuma ya pazia, haraka haraka, sikio moja kwenye printa. Baadaye nikawa naiahirisha mpaka jioni naiunganisha na nyingine, nikijiambia Mungu anajua nina kazi. Mungu anajua, ndiyo. Alijua pia ni kazi gani hasa.

Na kile kidirisha kilikuwa kinakuja. Kwenye kona ya kioo, kwa Kiswahili, maana ulikuwa umeniwekea Kiswahili: apdeti zimekamilika, washa upya ili zianze kufanya kazi. Vitufe viwili. Kimoja cha kuwasha upya sasa, kingine cha Baadaye.

Mie nizime mashine ambayo mtaa mzima unaisifu? Tena niliogopa. Unakumbuka ile siku zamani umeme ulirudi, mashine ikakataa kuwaka, ikabaki nyeusi na maandishi meupe, nikalia kwenye simu mpaka wewe ukaja? Tangu siku ile ilinikaa moyoni kwamba kitu kinachowaka kisiguswe. Basi nilikuwa nabonyeza Baadaye. Hata sisomi tena. Mkono ulikuwa unakwenda wenyewe, kama mtu anayefukuza nzi.

Yule kijana unajua sura yake kwa kunisikia tu, hukuwahi kumwona. Mtanashati, mpole, shati limechomekwa. "Shikamoo mama." "Marahaba, mwanangu." Anakaa upande wa mteja, anasema anaomba kazi. Akawa anakuja mara kwa mara, mpaka nikawa namwekea kiti. Siku moja umeme umekatika, duka zima linawaka, akatazama huku na huku akasema, "Mama, hii mashine yako haizimiki kabisa?"

Nikamwambia kwa kujigamba, "Haijazimwa tangu mfungo wa Ramadhani."

"Hongera sana, mama," akasema.

Nilimshukuru. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote, Nasra, hata leo nikifua nguo likinijia naacha kufua. Mtu aliniuliza ufunguo uko wapi, nikamwonyesha, akanipongeza, nikasema asante.

Siku alipokuja Mama Devota mie nilikuwa naleminesha kitambulisho cha mtu. Yule mama hapigi kelele, wala hajawahi, watu wa Bukoba wale na ualimu wake wa shule ya msingi. Alisubiri mteja aondoke. Akasema Devota ameitwa usaili Ubungo, amefika, wamefungua mafaili yao, wakamwambia cheti chenye namba hii tunacho tayari, kina picha ya mtu mwingine, na huyo mtu ameshaanza kazi. Wakamtazama mtoto kama mwizi.

"Mama Nasra," akasema, "cheti cha mwanangu hakijawahi kutoka nyumbani isipokuwa kuja hapa. Kilipita kwa nani zaidi yako?"

Nikaapa. Nikasema haiwezekani, mwanangu ameweka kila kitu, apdeti zote zimeingia, mwite mwenyewe umuulize.

Ukaja. Ukakaa kwenye ile mashine, Mama Devota amesimama nyuma yako na pochi yake kifuani, mie nimesimama nyuma ya Mama Devota. Ukachapa chapa. Ukasema, "Tundu lenyewe nimeliona. Linajulikana. Mtu akikaa upande wa mteja anapitia hapo, anageuka kuwa mwenye mashine. Lakini kiraka chake kipo, mama. Kiliingia zamani."

"Kama kiliingia, amepitaje?"

"Kimeingia kwenye diski. Kiini kinachotembea bado ni kile cha zamani. Kipya kinaanza mashine ikizimwa na kuwashwa. Hujaizima."

"Lakini nilikubali kila kitu."

"Ulikubali, mama. Halafu ukabonyeza Baadaye."

Hukusema kwa ukali, na ndiyo maana liliniingia. Halafu ukakuna kichwa, ukasema kama unajisemea, "Zamani ilikuwa inajiwasha upya yenyewe, kila umeme ukikatika."

Tukatazamana. Nikakuuliza, "Unataka kuniambia mgao wa umeme ndio uliokuwa unatulinda?"

"Ndiyo, mama."

Mama Devota akasema, "Na sisi tunawatukana." Hakucheka. Lakini alisema.

Yaliyofuata unayajua, ila hukuwapo kwenye mabenchi. Mie ndiye niliyekwenda na Devota ofisi hadi ofisi kueleza. Nilivaa baibui la Idi ili nionekane mtu. Nakaa mbele ya kijana wa umri wako, nimesoma darasa la saba, namweleza habari za kiini na kiraka kilichoingia kikasubiri. Wananitazama kama mganga. Mmoja wao, mstaarabu tu, aliniuliza, "Mama, kwa nini ulikuwa unatunza cheti cha mtu kwenye kompyuta yako?" Kwa sababu hapa kwetu ndivyo tunavyofanya. Mtu akishaskani hapendi kurudi na cheti halisi, anaogopa mvua, anaogopa vibaka, anakuja mikono mitupu anasema, "Mama Nasra, nitolee kile cha juzi." Nami nilikuwa najisifu kwamba karatasi za mtaa mzima ninazo. Nilidhani nawatunzia. Nilikuwa nimezikusanya mahali pamoja, nikamwekea mwizi kiti.

Alhamdulillahi, Devota alisafishwa jina. Nafasi ile haikumsubiri. Sasa anafundisha tuisheni Segerea, akipita hapa ananisalimia vizuri, na kila akinisalimia vizuri natamani angenitukana mara moja yaishe.

Mama yake ndiye aliyenirudishia uso, na hajui. Alikuja siku moja na karatasi, mie nikadhani amekuja kugomba upya. Akasema, "Nataka kuskani. Lakini kwanza, leo imezimwa?" Nikasema imezimwa asubuhi. "Na ukimaliza unafuta?" Nafuta mbele yako. Akanipa karatasi. Tangu hapo mtaa wote umeiga. Wanaingia wanauliza, "Mama Nasra, leo imezimwa?" kama wanaouliza samaki wa leo au wa jana. Ile sifa yangu imegeuka kichwa chini miguu juu, na mie nimeizoea.

Lakini nani aliyekuwa anaizima? Wewe. Kila asubuhi kabla hujaenda kwenye vibarua vyako, unaizima, unaiwasha, unaniambia, "Tayari, mama." Mie nasimama mlangoni sitazami. Ndiyo kazi uliyoifanya sababu ya kukaa.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo ninapotaka kukugombeza.

Mara ya kwanza walipokuita Dodoma, ukaniambia huwezi kwenda mambo yakiwa vile, Devota hajasafishwa, mashine haijatulia, mimi sijatulia. Mie nikasema, "Fanya unavyoona, mwanangu." Nikaingia chumbani nikamshukuru Mungu. Nilifurahi, Nasra. Nikajiambia ni shukrani kwa mtoto mwenye huruma. Ilikuwa ni ile betri tena. Nilipata kitu kingine cha kuzuia giza lisiingie barazani, na safari hii kitu chenyewe kilikuwa wewe.

Kwa hiyo nakuelewa, usidhani sikuelewi. Nakuelewa mpaka naudhika. Ungekuwa mzembe ningejua la kufanya. Lakini wewe umejiandaa. Umesoma, umefaulu, usaili umepita, chumba umepata, begi umenunua. Kila kitu kimeingia. Kinakaa tu pale kinasubiri, na kila kidirisha kikitokea unabonyeza kile kitufe nilichokibonyeza mie. Nimechoka na watu wanaofananisha kila kitu na kitu kingine, wahubiri wa redioni wananichosha kwa hilo, kwa hiyo naishia hapo. Wewe ndiye msomi.

Ila nikuambie nilichokiona jana. Uliniomba nikuletee laptopu yako kutoka kitandani. Ilifunguka kwa bahati mbaya nikiibeba. Kwenye kona kulikuwa na kile kidirisha. Kile kile. Washa upya ili apdeti zianze kufanya kazi. Nikasimama nayo mkononi pale koridoni nikasema la haula. Huyu ndiye aliyenibandikia karatasi ukutani yenye maandishi mekundu. Huyu ndiye anayenipigia simu kutoka kazini kuniuliza kama kile kidirisha kimetokea tena. Na yake yeye mwenyewe haijazimwa sijui tangu lini, kwa sababu ana madirisha chungu nzima yako wazi, na moja kati ya hayo, nimeliona, ni ile barua ya kuwaomba Dodoma wakusubiri. Umeandika mpaka katikati.

Nilikuletea laptopu sikusema neno. Hata wewe hukuniuliza kwa nini nimechelewa.

Uliniambia kazi yenyewe ya kule ni ipi. Mashine za hospitali ni nyingi, kila moja inataka kuzimwa na kuwashwa kiini chake kipya kianze, na kila mwenye mashine atakuambia sasa hivi haiwezekani. Wa maabara atasema ana vipimo. Wa mapokezi atasema ana foleni mpaka nje. Nawajua watu hao, maana mie ni mmoja wao. Usiwaone wajinga. Usiwatumie barua za maandishi mekundu, haziingii. Kaa na mtu kidogo umuulize anaogopa nini. Mwingine anaogopa haitawaka tena, kwa sababu siku moja haikuwaka na hakukuwa na wa kumsaidia. Mwingine ni sifa. Mwingine ana giza lake nyumbani, na ile mashine inayowaka ndiyo inayomshika. Huyo ukimwambia habari za tundu atakuitikia ndiyo, ndiyo, na ukigeuka atabonyeza Baadaye. Huyo mwambie utakaa naye mpaka iwake. Hicho tu. Mie ningeambiwa hivyo ningeizima zamani.

Na mimi nani atakaa nami? Hilo ndilo unalolizungusha kwenye kikombe cha chai, unalivisha nguo za mashine. Nalijibu.

Nimeanza kukaa barazani. Hujaona kwa sababu jioni unakuwa bado hujarudi. Nilimwita yule fundi wa sola akanionyesha swichi ya taa isiyogusa kompyuta, sasa jioni nikimaliza wateja nazima taa mwenyewe, naleta mkeka, nakaa. Siku za kwanza zilikuwa mbaya, sikudanganyi. Kile kiti nilikuwa nakipa mgongo. Mama Devota akapita akanikuta, akasema, "Mama Nasra, kwako leo kuna giza?" Nikasema, "Nimepewa likizo." Akakaa kwenye kile kiti bila kuuliza ni cha nani. Tukanyamaza mpaka mbu wakatufukuza. Sasa huja siku nyingine, siku nyingine haji, na adhuhuri nafunga duka naswali kama mtu mzima. Wateja wanasubiri. Kumbe walikuwa wanaweza kusubiri miaka yote hii.

Sasa ile kazi ya kompyuta niliyokutajia mwanzo.

Asubuhi ulivyokuwa na mawazo yako ya kuahirisha, hukuizima. Ni mara ya kwanza umesahau. Apdeti ya kiini imeingia leo mchana, kidirisha kimekuja, nami nimekiacha pale kwenye kona tangu adhuhuri kinanitazama. Nimeandika barua hii yote kikinitazama. Karatasi yako ya ukutani inasema nikupigie simu kabla sijagusa. Sikupigii.

Jambo moja nilijifunza siku ile ilipokataa kuwaka, na wewe hukujua kama nilikuwa nasikiliza, maana nilikuwa nalia. Ulisema, "Mama, usiogope, kiini cha zamani hakijafutwa. Kipo kwenye orodha, mstari wa pili. Kipya kikikataa, unashuka mstari mmoja unawaka na cha zamani, tunarekebisha taratibu." Ukashuka mstari mmoja, ikawaka. Hilo lilinikaa. Kwa hiyo Dodoma ikikataa, nimesema ikikataa, usianze kujifia kimya kimya kwenye chumba cha kupanga. Mbagala ipo mstari wa pili. Hakuna aliyeifuta. Lakini huanzii mstari wa pili, Nasra. Unajaribu wa kwanza.

Haya. Bismillahi. Nimebonyeza.

Imezima. Kioo cheusi. Feni imenyamaza, sijawahi kulisikia duka hili likiwa kimya namna hii, nasikia mpaka mkasi wa kinyozi. Kuna maandishi meupe yanapita haraka. Sijui yanasema nini, naandika bila kutazama karatasi ndiyo maana mistari hii imepinda.

Bado cheusi.

Bado.

Imewaka. Yule pengwini ametokea, na picha ya baba yako uliyoiweka nyuma imetokea. Nimefungua kile kidirisha ulichonifundisha, kinachoonyesha namba ya kiini. Ya asubuhi niliinakili nyuma ya bahasha. Nimelinganisha kwa kidole, tarakimu moja moja. Zimebadilika mwishoni. Ni kipya, na kinatembea.

Nimeizima mwenyewe, mwanangu, na hakuna aliyekaa nami isipokuwa Mwenyezi Mungu. Sababu yako imekwisha. Kama unayo nyingine itafute njiani ndani ya basi, safari ni ndefu.

Barua hii naikunja, naiweka ndani ya begi lako pamoja na nguo, maana nguo zako nimeshazitoa kabatini nikazirudisha. Laptopu yako sijaigusa. Ile barua iliyoishia katikati utaifunga wewe, halafu uizime, halafu uiwashe.

Mungu akutangulie kule uendako na akae hapa ninapobaki, anaweza yote mawili. Alfajiri nitakugongea mlango tuswali pamoja, kisha tutoke kwenda stendi ya Mbezi.

Nikigonga, usiniambie baadaye.

Mama yako